Kengele ya Shukrani

Nchi yetu haina adui. Nalisema hili kwa haya, maana najua nchi nyingine zinao, tena wawili watatu, na nyingine zimerithishwa na mababu. Sisi tumetafuta mpaka tumechoka. Jirani wa mashariki aliandikiwa barua rasmi ya kuombwa uadui, akajibu kwamba wiki hiyo anachanja mbuzi. Jirani wa magharibi alisema yuko radhi, ila tuwalishe askari wake. Zamani wazee walituambia kuwa maadui wetu ni ujinga, maradhi na umaskini. Jenerali Mkuu akauliza maadui hao wanavaa sare gani na wanaingilia mpaka upi, na kwa kuwa hakuna aliyejua, faili likafungwa.

Lakini jeshi tunalo, na ni jeshi zuri. Mwaka huu Mtukufu Mlezi wa Taifa aliona haifai jeshi zuri likae bila mzinga mzuri, akatununulia mmoja kutoka ng'ambo. Aliupa jina la Bibi Utulivu. Una magurudumu sita, na mdomo wake ni mpana hivi kwamba mtu mzima anaweza kulala ndani akajinyoosha. Nina hakika na hilo, kwa sababu siku ya mapokezi mbunge mmoja alijaribu, tukamvuta kwa miguu.

Mimi naitwa Ngwali, Karani wa Shukrani katika Bunge, mwaka wa kumi na tisa sasa. Wageni wakisikia cheo changu hutabasamu, kwa hiyo bora nieleze.

Katika Bunge letu hakuna mtu anayesema jambo lake kabla ya kushukuru. Huo ni ustaarabu. Zamani kila mbunge alishukuru alivyojaliwa, ikaleta matatizo. Mmoja alimsahau Mama Mlezi na mpaka leo yuko kwenye ruhusa ya ugonjwa ambao hajaujua. Ndipo likatungwa Daftari la Shukrani. Unaanza na Mtukufu Mlezi, kisha Mama Mlezi, kisha marehemu baba yake Mlezi, kisha Amiri Jeshi Mkuu, ambaye ni Mlezi yuleyule lakini ofisi ni nyingine, kisha Spika, mawaziri kwa majina na majina ya baba zao, Jenerali Mkuu na farasi wake. Mwishoni kabisa, muda ukiruhusu, wapigakura.

Mbunge hupewa dakika tano. Mezani kwangu kuna saa na kengele ya shaba. Akiruka jina, nagonga, anarudi mwanzo. Dakika tano zikitimia, nagonga, anakaa. Mawaziri hawahesabiwi muda, kwani waziri ameshashukuru kwa maisha yake yote. Wabunge wengi hufika mpaka kwenye farasi. Kwa hiyo hoja hupita bila kupingwa, na Bunge letu linasifika kwa umoja.

Basi ukaja Mjadala wa Mkuki na Bakuli. Kila mwaka nchi huamua kiasi gani kiende kwa Wizara ya Mkuki, yaani ya ulinzi, na kiasi gani kwa Wizara ya Bakuli, yaani ya afya, shule, wazee na yatima. Mtukufu Mlezi ni mtu wa haki. Alisema wananchi, kupitia wawakilishi wao, wachague wenyewe bila kuingiliwa. Ili kuwarahisishia, mzinga ulinunuliwa kwanza, pamoja na risasi zake za saluti, nyumba yake na daktari wake wa vyuma. Baada ya hapo kukabaki salio dogo. Lile salio lingetosha kununua kimoja kati ya vitu viwili: turubai la mahameli la kumfunika Bibi Utulivu msimu wa mvua, au mashine moja ya oksijeni kwa zahanati moja. Hicho ndicho tulichoambiwa tukijadili kwa uhuru, kwa siku tatu.

Siku nne kabla ya mjadala, Bi. Sikudhani alikuja nyumbani. Huyu ndiye mkunga wa Zahanati ya Mikwajuni, mtaani kwetu. Hakutaka chai.

"Baba Chausiku," alisema, "wewe uko kule ndani. Unakaa nao chumba kimoja."

"Nakaa nao, ila mimi wangu ni kengele tu, Bi. Sikudhani."

"Mwaka huu nimefunika watoto kumi na wanane. Kumi na mmoja kati yao walitaka hewa tu. Hawakutaka dawa, hawakutaka daktari wa ng'ambo. Hewa, Baba Chausiku! Nawapulizia kwa mdomo wangu huu mpaka naona kizunguzungu." Kisha aliangalia uani, ambako binti yangu Chausiku alikuwa anachambua mchicha, tumbo likiwa limemfika magotini. "Na huyu wako unamjua."

Namjua. Chausiku ni mwanangu pekee. Amezaa mara mbili, na mara zote mbili mtoto alitoka mzima, vidole vyote, kucha zote, akashindwa kuvuta pumzi. Mumewe yuko machimboni kusini, hurudi mara mbili kwa mwaka, na mara mbili amerudi kukuta kaburi la urefu wa kiganja. Huyu sasa alikuwa wa tatu. Nilimwogopea mpaka usingizi ulinihama.

Nilimwendea mbunge wetu, Mheshimiwa Tindwa. Alikuwa seremala kabla ya kuchaguliwa, na hata leo kila neno analipiga randa kwanza ndipo alitoe. Ni mtu mwema. Aliposikia habari za mashine alivua kofia.

"Nitasema," alisema. "Ila, Bwana Ngwali, mimi sijawahi kumaliza daftari. Mwaka jana nilikomea kwa Waziri wa Mifugo."

Nikamwambia aje kwangu Jumapili tufanye mazoezi. Kama kuna mtu nchi hii anayejua wapi pa kuvuta pumzi katika lile daftari, ni mimi.

Alikuja baada ya chakula cha mchana. Nilimsimamisha mbele ya kabati la vyombo kama ndiyo Spika. Chausiku alikaa mkekani, miguu ameinyoosha, ameshika sufuria na kijiko, yeye ndiye kengele. Mara ya kwanza Mheshimiwa alitumia dakika sita na nusu na alikuwa bado hajamgusa farasi. Nikamfundisha kuunganisha marehemu baba na Amiri Jeshi kwa pumzi moja. Nikamfundisha kutozimeza herufi, maana aliyemeza hurudishwa mwanzo, bali kuteleza juu yake. Alitoka jasho. Chausiku alicheka mpaka akashika kiuno.

Kufikia alasiri alimaliza shukrani zote kwa dakika nne na sekunde thelathini na tano. Tukatazamana kama watu walioona dhahabu. Sekunde ishirini na tano! Katika historia ya Bunge letu hakuna mbunge aliyewahi kubakiwa na nafasi kubwa kiasi hicho. Tukatunga sentensi ya kuijaza: "Mheshimiwa Spika, watoto wa Mikwajuni wanazaliwa wazima na wanakufa kwa kukosa hewa. Naomba salio linunue mashine, na Bibi Utulivu afunikwe kwa turubai la kawaida."

Alipoijaribu, muda ulimwishia kwenye neno "turubai". Niliinua kidole, lakini Chausiku hakugonga.

"Gonga," nikamwambia. "Muda umekwisha."

"Baba nawe! Muache amalizie, limebaki neno moja."

"Kengele ni kengele, mwanangu."

"Kengele haijigongi yenyewe, Baba," alisema, akacheka, akakiweka kijiko chini. Mheshimiwa akamaliza sentensi yake taratibu.

Tulicheka sote. Nilikuwa na furaha siku hiyo, nakiri.

Siku ya kwanza ya mjadala alizungumza Waziri wa Mkuki, kwa saa nne. "Kuna watu," alinguruma, "wanaosema kwamba mtoto anahitaji hewa. Nani amekataa? Hewa ipo! Na nani anailinda hewa hiyo? Tangu nchi hii ipate uhuru hakuna hata pumzi moja ya hewa yetu iliyoibwa ikavushwa mpakani! Mheshimiwa Spika, tukimpa mtoto mashine tukamnyima mzinga, adui akija atachukua mashine, atachukua na mtoto. Tukimpa mzinga, adui hatakuja."

"Adui yupi?" aliuliza mtu kutoka nyuma.

"Umeona?" akasema Waziri. "Tayari anauogopa."

Meza zikagongwa mpaka glasi za maji zikahama.

Siku ya pili ikawa zamu ya Waziri wa Bakuli. Watu wa Mikwajuni walikusanyika kwenye redio ya kinyozi kumsikiliza, wakidhani ni wa upande wao. Ni mama mpole, mwenye sauti ya kubembeleza. Alianza kwa kulia kidogo, kwa fahari. Akasema wizara yake imejitazama na kujiona inakula kuliko kimo chake, na inaomba ipunguziwe.

"Wataalamu wangu," alisema, "wamefanya utafiti katika hospitali yetu kuu. Wagonjwa wawili wasiojiweza walionyeshwa picha ya Bibi Utulivu. Mmoja wao aliinuka kitandani hapohapo."

"Akafanya nini?" aliuliza Spika, aliyekuwa akimenya chungwa.

"Akaondoka, Mheshimiwa Spika. Na kitanda kikapatikana."

Kinyozi alizima redio ili asiharibu betri.

Siku ya tatu ilikuwa ya wabunge wa kawaida, na Mheshimiwa Tindwa alipangwa wa pili. Alivaa koti la harusi yake. Bi. Sikudhani alikuwa juu kwenye viti vya wageni, na sare yake nyeupe ya kazini, ameketi wima. Chausiku hakuja, asubuhi alisema mgongo unamvuta.

Dakika kumi kabla ya kikao, tarishi aliniletea bahasha kutoka Ikulu. Mtukufu Mlezi, kwa upendo wake, alikuwa amempandisha Bibi Utulivu cheo. Kuanzia siku hiyo angeshukuriwa mara tu baada ya Mlezi mwenyewe, kwa jina lake kamili: Bibi Utulivu, Ngao ya Wanyonge, Mama wa Mipaka Yote Minne, Kimya Kinachosikika, Asiyelala Wala Asiyesinzia, Aliyekuja Kwetu kwa Meli Tatu na Atakayebaki Nasi Milele, Amina. Niliinakili katika daftari kwa mkono wangu, kwa mwandiko mzuri, maana nina mwandiko mzuri. Kisha niliisoma kimoyomoyo nikiangalia saa. Sekunde ishirini na tatu.

Mheshimiwa Tindwa alipofika kwenye kipaza sauti alikuta karatasi mpya. Aliisoma mstari wa kwanza, akainua macho akanitazama. Nikabonyeza saa.

Jamani, mtu yule alikimbia! Sijapata kusikia shukrani za namna ile. Alimpita Mlezi, akampita Bibi Utulivu na meli zake zote tatu, akawaunganisha marehemu na Amiri Jeshi kwa pumzi moja kama nilivyomfundisha, akateleza juu ya mawaziri na baba zao, mishipa ya shingo ikiwa imemtoka. Hakuruka hata jina. Wabunge waliacha kusinzia wakaanza kumtazama. Alipomgusa farasi, saa yangu ilionyesha dakika nne na sekunde hamsini na nane.

"Mheshimiwa Spika," alisema, na sauti ikarudi kuwa ile yake ya seremala, ya taratibu. "Watoto wa Mikwajuni..."

Dakika tano.

Sasa nataka msomaji anielewe vizuri. Katika ukumbi ule saa ni moja tu, nayo iko mezani kwangu, imegeuzwa upande wangu. Spika alikuwa kwenye chungwa la pili. Mawaziri walikuwa wakisomeana ujumbe kwenye simu na kucheka. Kama ningekaa sekunde ishirini na tatu bila kugusa kitu, hakuna mtu duniani ambaye angejua, isipokuwa mimi na Mungu. Bi. Sikudhani alikuwa amejiinamisha mbele mpaka nusu ya mwili iko nje ya kizuizi. Nilimfikiria Chausiku. Nilimfikiria kwa jina.

Nikagonga.

Sitadanganya kwamba nilishurutishwa. Mkono una miaka kumi na tisa kazini, unajua njia. Mheshimiwa Tindwa alibaki na mdomo wazi kidogo, kisha akakaa, maana ni mtu mtii. Karani wa Kumbukumbu aliandika katika kitabu cha Bunge mchango wake wote baada ya shukrani, ambao ni huu: watoto wa Mikwajuni.

Waziri wa Mkuki alisimama kujibu. Alisema Serikali yenu sikivu imekisikia kilio cha Mheshimiwa Tindwa. Amewataja watoto wa Mikwajuni, na Serikali haiwezi kuwaacha. Kwa hiyo Bibi Utulivu atazinduliwa Mikwajuni kwenyewe, katika uwanja ulio mbele ya zahanati, kwa mizinga ishirini na mmoja, na watoto wote watakaa mstari wa mbele na watapewa bendera. Ukumbi ulilipuka kwa furaha. Turubai la mahameli likapita kwa kauli moja, rangi ya kijani iliyokolea, na kwenye kauli hiyo moja mlikuwamo na kauli ya Mheshimiwa Tindwa, kwa sababu asiyegonga meza huandikwa.

Bi. Sikudhani alinisubiri mlangoni. Nilijiandaa kwa matusi.

"Ulikuwa unaiona ile saa," alisema.

"Niliiona."

"Haya," akasema, akafunga vizuri kitambaa cha kichwa. "Mlete Chausiku mapema. Nitampulizia mtoto mwenyewe." Na akaenda zake kwa miguu.

Siku ya uzinduzi uchungu ulimshika Chausiku alfajiri. Nilimpeleka zahanati, nikamwacha kwa Bi. Sikudhani, kwa kuwa saa tatu nilitakiwa jukwaani na daftari. Kutoka jukwaani mpaka dirisha la chumba cha kujifungulia ni hatua sitini. Watoto wa Mikwajuni walikaa mstari wa mbele na bendera zao, wameziba masikio. Mtukufu Mlezi hakufika, ila picha yake ililetwa kwa gari.

Mengine nimeyapata kwa Bi. Sikudhani, maana mimi nilikuwa nasoma majina. Mtoto alizaliwa kabla kidogo ya mzinga wa kwanza. Mvulana, mzito. Hakulia. Bi. Sikudhani alimpulizia, na kwenye mzinga wa tatu mtoto akavuta pumzi mwenyewe, kifua kikapanda kikashuka. Akalia. Chausiku hakumsikia kwa sababu ya mlio, lakini alimwona mdomo. Alimwona analia, akafurahi, akasema, "Huyu amekuja kukaa." Kisha upepo ukageuka, ukauleta moshi wa baruti mpaka kwenye dirisha, ambalo kioo chake kilivunjika kwenye mzinga wa kwanza. Bi. Sikudhani aliziba kwa shuka. Akapuliza tena. Akapuliza mpaka akaanguka magoti. Kufikia mzinga wa kumi na nne kifua hakikuwa kinapanda tena. Ilibaki mizinga saba, ikapigwa yote.

Baadaye yakaanza manyunyu. Askari wanne walikimbia na lile turubai la mahameli, wakamfunika Bibi Utulivu kabla hajalowa vizuri, watu wakapiga makofi kwa wepesi wao. Zahanati hakukuwa na shuka jingine, hivyo Bi. Sikudhani alivua kanga yake mwenyewe akamfunika mjukuu wangu.

Tulimzika kesho yake mchana. Kwetu hata kwa mtoto wa saa moja majirani huja, wanawake huchemsha uji, wanaume huchimba, na mambo yakiisha mkubwa wa familia husimama kutoa neno la shukrani. Ni neno dogo tu. Unawashukuru waliochimba, walioleta maji, waliolala msibani, unamtaja marehemu, watu wanatawanyika.

Mkubwa wa familia ni mimi. Nikasimama. Mheshimiwa Tindwa alikuwa amekaa kwenye benchi na mikono ya udongo. Yeye ndiye aliyechonga lile sanduku dogo. Bi. Sikudhani alikuwa ukutani, midomo imemvimba. Chausiku alikaa mkekani kati ya wanawake, karibu na sufuria la uji, haangalii popote. Usiku kucha alikuwa amemchagulia mtoto jina, akaniambia mimi peke yangu, ili nilitamke mbele za watu, lijulikane kwamba alikuwepo.

Nilikuwa nalo mdomoni, nalihisi kabisa.

"Kwanza kabisa," nikasema, "napenda kumshukuru Mtukufu Mlezi wa Taifa."

Hakuna aliyecheka. Watu waliinamisha vichwa, kama inavyopasa. Nikajisikia nasema Bibi Utulivu, Ngao ya Wanyonge, Mama wa Mipaka Yote Minne. Nilitaka kuacha, Mungu ni shahidi wangu. Lakini ukiruka jina unarudi mwanzo, na mimi niliogopa kurudi mwanzo, nikaendelea mbele ili nifike mwisho, ambako mjukuu wangu alikuwa ananisubiri. Nikampita Mama Mlezi. Nikawapita marehemu na Amiri Jeshi kwa pumzi moja. Nikawa nawataja mawaziri na baba zao, jasho likinitiririka, na uji ukipoa.

Chausiku aliinua mkono, akachukua kijiko, akagonga sufuria mara moja.

Nikanyamaza. Nilikuwa bado sijafika hata kwa farasi. Watu waliniangalia, mimi nikamwangalia mwanangu, naye akakirudisha kijiko mahali pake taratibu.

Nikakaa.